Kubadilisha bodi ya kamera Gisenyi: hesabu ya kufanya kabla ya kutoa fedha

GISENYI – Mji huu wa Wilaya ya Rubavu, magharibi mwa Rwanda, una mengi ya kumfanya mtu ashike kamera. Kuna Ziwa Kivu, mitumbwi ya wavuvi wa sambaza inayoingia majini jioni na taa zake, mlima Nyiragongo wenye mita 3,470 upande wa Kongo, na umati wa watu wanaovuka Petite Barrière kila asubuhi wakiwa na mizigo kichwani. Si ajabu basi kwamba miongoni mwa wafanyabiashara, mawakala wa forodha na madereva wanaolala mjini humo wapo wapenzi wa picha walioanza na kamera ndogo na ambao sasa wanataka iliyo bora zaidi.

Makala haya yanahusu uchaguzi huo: bodi ipi inunuliwe, na wapi. Bodi ni kamera yenyewe bila lenzi. Ndiyo sehemu inayotangazwa sana na ndiyo inayoshuka bei haraka. Canon EOS R8 ilipotoka mwaka 2023 iliuzwa dola 1,499 nchini Marekani kabla ya kodi. Sony A7 IV ya mwaka 2021 ilianza kwa dola 2,499. Kwa mchuuzi wa mpakani huo ni mtaji mzima, na mtaji uliogeuzwa kamera haurudi kirahisi pale mzigo wa viazi au nguo unapohitaji kulipiwa.

Je, kasoro ni ya bodi?

Malalamiko ya kawaida ya mwenye kamera ya kuanzia ni kwamba picha za usiku zinatoka na chengachenga, au zinatikisika. Tuseme anayo Nikon D3200, bodi ya mwaka 2012 yenye megapikseli 24, pamoja na lenzi yake ya 18-55 aliyoipata ndani ya boksi. Anataka kupiga mitumbwi ya sambaza baada ya jua kuzama. Anaambiwa anunue bodi yenye kihisi kikubwa.

Kihisi ni kile kibamba kinachopokea mwanga mahali palipokuwa na filamu zamani. Kihisi kikubwa, kinachoitwa fulufremu, kina milimita 36 kwa 24. Kile cha D3200 ni kama milimita 23 kwa 15. Eneo la kile kikubwa ni zaidi kidogo ya mara mbili, na kwa kadiri hiyo hiyo hukusanya mwanga zaidi. Ni faida ya kweli. Lakini lenzi ya boksi, ikivutwa hadi milimita 50, tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya karibu f/5.6. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 hupitisha mwanga zaidi ya mara tisa kuliko hiyo. Lenzi ya namna hii kutoka Canon, toleo la STM, ilitoka mwaka 2015 kwa takriban dola 125, na ile ya Nikon, AF-S 50 f/1.8G, ilitoka mwaka 2011 kwa takriban dola 220. Kwa hiyo mtu anaweza kulipa zaidi ya dola elfu moja apate mwanga mara mbili, au alipe sehemu ndogo ya fedha hizo apate mara tisa. Wauza bodi hawana sababu ya kumweleza mteja hesabu hiyo.

Bodi inakuwa kikwazo cha kweli katika mambo mengine: fokasi inayoshindwa kumfuata mtu anayetembea, kamera inayochelewa kati ya picha na picha, video iliyo duni, au mwili usiostahimili mvua na vumbi. Mwenye shida hizi ana haki ya kubadilisha. Megapikseli si sababu. Picha ya megapikseli 24 huchapishwa hadi takriban sentimeta 50 kwa 34 bila kupoteza ukali, na picha inayotumwa kwa simu hupunguzwa ukubwa njiani hata hivyo.

Kifungio cha lenzi

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Kila kampuni ina namna yake ya kufunga lenzi kwenye bodi, na lenzi za kampuni moja haziingii kwenye bodi ya nyingine hivi hivi. Hata ndani ya kampuni moja kuna mitego.

Kwa Canon, lenzi zenye alama ya EF-S zimetengenezwa kwa ajili ya bodi za kihisi kidogo. Haziingii kabisa kwenye bodi ya fulufremu kama EOS 6D ya mwaka 2012. Mtu anayenunua 6D ya mtumba huku mkononi ana lenzi za EF-S tu atafika nyumbani na bodi isiyo na lenzi. Lakini akichukua bodi mpya za mfumo wa RF, ulioanza mwaka 2018, adapta ya Canon yenyewe hupokea lenzi zote mbili, EF na EF-S, na fokasi inaendelea kufanya kazi. Kasoro ni kwamba EF-S kwenye bodi ya fulufremu kama R8 hutumia sehemu ya katikati ya kihisi tu, na megapikseli 24 zinabaki kama tisa. Kwa mwenye lenzi za EF-S, R10 ya mwaka 2022, ambayo kihisi chake ni kidogo na iliyotoka kwa dola 979, ina mantiki zaidi kuliko R8.

Kwa Nikon, lenzi za DX zinaingia kwenye bodi ya fulufremu, ila picha inashuka vivyo hivyo hadi karibu megapikseli 10. Mtego mwingine uko kwenye lenzi za zamani za AF na AF-D, ambazo hupatikana kwa bei nafuu katika mitumba. Lenzi hizo hazina mota ndani. Zinategemea mota ya bodi. D3200 haina mota hiyo, na vivyo hivyo bodi zote za daraja la D3000 na D5000. D750 ya mwaka 2014 inayo. Bodi za mfumo wa Z, zilizoanza mwaka 2018, zinapokea lenzi hizo kwa adapta ya FTZ, lakini fokasi lazima izungushwe kwa mkono. Kwa mtu anayepiga ziwa na mlima hilo halina madhara makubwa. Kwa anayepiga watu sokoni ni hasara.

Sony hutumia kifungio cha E tangu mwaka 2010 kwa bodi ndogo na kubwa, na Sigma na Tamron zimekitengenezea lenzi nyingi. Anayeanza upya, asiye na lenzi ya kulinda, ataona uzito wa jambo hilo siku atakapotafuta lenzi ya pili. Canon ilichelewa kuruhusu makampuni mengine. Sigma na Tamron zilitangaza lenzi za RF zenye kibali, za kihisi kidogo, mwezi Aprili 2024 tu.

Yenye kioo au isiyo na kioo

Kamera za mtindo wa zamani zina kioo ndani kinachopeleka picha kwenye tundu la kuchungulia. Tangu mwaka 2020 Canon na Nikon hazijatoa bodi mpya ya mtindo huo. Hilo limeshusha bei ya mitumba, na kwa mpenzi wa picha asiyetafuta riziki kwa kamera ni habari njema. Ubaya ni kwamba vipuri vitazidi kuwa adimu na bei ya kuuzia tena itaendelea kushuka.

Mtindo wa zamani una nguvu moja inayowafaa madereva: betri. D750 hupimwa kuwa na uwezo wa picha 1,230 kwa chaji moja, wakati Sony A7 III ya mwaka 2018, ambayo inasifiwa kwa betri, hufika 710. Mtu anayelala ndani ya lori akisubiri foleni ataiona tofauti hiyo. Kwa uzito, A7 III ina gramu 650 na betri yake, na R10 ina gramu 429. D750 inapita gramu 800. Anayezunguka kwa pikipiki na mkoba mgongoni ataichagua ndogo.

Vumbi jeusi la mawe ya volkano upande wa Goma ni adui wa kihisi wakati wa kubadilisha lenzi, hasa kwa bodi zisizo na kioo ambazo kihisi chake kiko wazi. Lenzi ibadilishwe ndani ya gari, bodi ikielekezwa chini.

Kukagua mtumba

Shata ni pazia linalofunguka na kufungwa kila picha inapopigwa, nalo lina umri. Ile ya D750 ilijaribiwa kwa mara 150,000, ya 6D mara 100,000. Kwa Nikon idadi iliyokwisha kupigwa huandikwa ndani ya faili la picha, hivyo mnunuzi anaweza kupiga picha moja dukani na kuisoma kwa programu ya kompyuta. Bodi nyingi za Canon haziandiki idadi hiyo ndani ya picha, na hapo mnunuzi anabaki na macho yake: raba zilizolegea, vitufe vilivyofutika maandishi, na pembe zilizogongwa. Kihisi hukaguliwa kwa kupiga picha ya ukuta mweupe kwa f/16 na kuikuza. Nukta nyeusi ni vumbi, na linasafishika. Mstari wa rangi usiohama ni ugonjwa, na bodi hiyo iachwe hata kama bei inavutia.

Forodha

Wengi mpakani wamezoea utaratibu rahisi wa COMESA kwa wafanyabiashara wadogo, na hudhani kila kitu chenye thamani ndogo hupita nao. Utaratibu huo ni wa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa na zenye asili ya nchi wanachama. Kamera iliyotengenezwa Japani, Thailand au Taiwan haina asili hiyo. Haigeuki kuwa bidhaa ya Afrika Mashariki kwa kupitia duka la Nairobi au Kampala.

Msafiri anayeingia nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ana msamaha wa bidhaa zisizozidi kikomo cha thamani kilichowekwa, lakini masharti yake husahauliwa: awe amekaa nje zaidi ya saa 24, bidhaa iwe katika mizigo yake, na aitangaze kwa ofisa. Aliyevuka kwenda Goma asubuhi na kurudi jioni hayumo. Aliyetoka Dubai na bodi tatu za wateja hayumo pia, maana hizo ni bidhaa za biashara.

Nje ya msamaha huo, ushuru wa forodha hupigwa juu ya thamani pamoja na usafiri na bima, kisha VAT ya asilimia 18 ya Rwanda hupigwa juu ya jumla ya thamani na ushuru, bila kusahau tozo ndogo nyingine. Kwa bodi iliyofika kwa dola 1,000, VAT peke yake ni dola 180 hata ushuru ukiwa sifuri. Kila asilimia 10 ya ushuru inaongeza dola 118, si 100. Kiwango chenyewe kisomwe katika kitabu cha ushuru wa pamoja: kamera ziko kichwa 8525, na lenzi zinazokuja peke yake ziko 9002. Wakala anayeziweka zote kwenye mstari mmoja anaweza kumtoza mteja kisichostahili. Ndiyo maana bodi iliyoonekana rahisi Dubai kwa dola 150 inaweza kuwa ghali kuliko ile ya dukani Kigali yenye risiti ya EBM, na ya Kigali ina mtu wa kurudishiwa ikiharibika.

Anayebeba kutoka Ghuba akumbuke pia kwamba betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenye mizigo inayopakiwa chini ya ndege. Zinasafiri mkononi, ncha zake zikiwa zimefunikwa.

Upande wa Goma, utozaji ulibadilika baada ya AFC/M23 kuuteka mji huo mwishoni mwa Januari 2025. Anayepeleka kamera kwa mteja huko aulize mpakani siku ya safari yenyewe, asitegemee alichoambiwa safari iliyopita. Na anayevuka na kamera yake mwenyewe kwa matembezi abebe risiti, na namba ya bodi aiandike kwenye daftari au simu, ili akirudi asidaiwe ushuru wa kitu alichokuwa nacho tangu awali. Kamera yenyewe ikae mkobani mpaka avuke. Majengo ya mpakani na askari hawapigwi picha bila ruhusa, na bodi iliyozuiliwa hapo haitofautishwi na yenye megapikseli ngapi.