Luo Union: ekipi ya mabingwa iliyobaki bila wenyewe



Hapa Bunia, kila tukitaka kupanga mashindano ya vijana, kartiye kwa kartiye, neno moja linarudi: majina. Mmoja anasema ekipi fulani ina harufu ya kabila, ibadilishe jina kwanza ndipo iingie. Mwingine anajibu kwamba ukiondoa jina umeua ekipi. Wote wanaongea kwa nguvu, na wana haki, juu hapa Ituri jina la kabila si mchezo. Kati ya 1999 na 2003 watu walikufa kwa sababu ya hilo tu. Basi leo nawaletea historia ya ekipi moja ya Kenya iliyopita njia hiyo hiyo, kusudi tubishane tukiwa na kitu mkononi.

Ekipi yenyewe ni Luo Union ya Kenya. Ilibeba kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati mara mbili mfululizo, 1976 na 1977. Leo huwezi kuikuta kwenye uwanja wowote. Na msione Waluo kama watu wa mbali: ndugu zetu Alur wa Mahagi wanaongea lugha ya ukoo mmoja nao. Maji kwa Alur ni pii, kwa Mluo wa Kisumu ni pi.

Mwanzoni Luo Union halikuwa jambo la mpira hata kidogo. Lilikuwa shirika la kusaidiana, lile sisi huku tunaita mutualité. Waluo wengi walitoka Nyanza kwenda kutafuta kazi mbali: kwenye reli, bandarini Mombasa, viwandani Nairobi, hata Kampala. Mtu akifa huko, lazima arudi kuzikwa kwao, na kusafirisha maiti ni pesa. Mtoto akipata nafasi shuleni, karo pia ni pesa. Matawi yalichanga. Katika miaka ya 1950 Jaramogi Oginga Odinga, yule atakayekuwa baadaye makamu wa rais wa kwanza wa Kenya, alikuwa Ker, yaani mkuu wa shirika lote. Pale Kisumu walijenga hata ukumbi mkubwa, Ofafa Memorial Hall, kwa kumkumbuka Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi aliyeuawa 1953.

Nakawia kwenye mambo haya ya michango na mazishi juu ndipo mzizi wa ekipi ulipo. Wale waliokuwa wakichanga kwa ajili ya maiti ndio waliosimama kando ya uwanja Jumapili.

Shampiona ya taifa ya Kenya ilianza 1963, na Nakuru AllStars ndiyo iliyoibeba ya kwanza. Mwaka uliofuata, 1964, ikawa zamu ya Luo Union. Halafu Feisal ya Mombasa, halafu Abaluhya, ekipi ya Waluhya, mara mbili, 1966 na 1967. Hapo Waluo wakaanza kuulizana: sisi wengi hivi, mbona tunashindwa? Jibu lilikuwa wazi. Walikuwa wamegawanyika: Luo Union huku, Luo Stars kule. Mwezi wa pili 1968 wakaziunganisha, ikazaliwa Gor Mahia, na mwaka ule ule ikabeba shampiona.

Jina hilo liangalieni vizuri, juu tutalirudia. Gor Mahia alikuwa mtu: mganga mashuhuri wa Kanyamwa, Gor mwana wa Ogada, ambaye hadithi zake za maajabu zinasimuliwa mpaka leo. Hakuna kabila lililoandikwa ndani ya jina lile. Aliyeijua historia aliijua. Asiyeijua alisikia jina la mtu tu.

Mwaka 1969 ulikuwa mbaya sana. Tarehe 5 Julai Tom Mboya aliuawa kwa risasi Nairobi, barabarani, mchana. Oktoba, Kenyatta alipofika Kisumu kufungua hospitali, fujo zikatokea, walinzi wakafyatua risasi kwenye watu. Chama cha Odinga, KPU, kikapigwa marufuku na yeye mwenyewe akafungwa. Fikiria watu wamenyang'anywa chama, wamenyang'anywa viongozi. Mahali gani pamebaki pa kukusanyika elfu nyingi na kuimba bila kuomba ruhusa? Uwanja. Kwa maoni yangu, kuanzia hapo Gor ilibeba mzigo mkubwa kuliko mpira, na moyo wa watu ukahamia kwake.

Lakini Luo Union haikukubali kufa. Ilirudi, ikajipanga, na 1975 ikachukua shampiona tena. Ubingwa huo ndio uliofungua mlango wa yale makombe mawili ya kanda. Ni miaka yake bora kabisa, na hapo hapo ndipo mimi naona ugonjwa wake. 1976, wakati Luo Union inaleta kombe la kanda nyumbani, shampiona ya Kenya ilibebwa na nani? Gor Mahia. 1979 tena Gor. Sisi wa agronomi tunajua kisiki cha mgomba: ukiacha machipukizi mawili makubwa yasimame pamoja, yanagombania chakula kile kile. Mwaka mmoja utavuna mikungu miwili mizuri na kujisifu. Baadaye moja linadhoofika. Pembeni kulikuwa pia Kenya Breweries, mabingwa wa 1972, 1977 na 1978, ekipi ya kampuni ya bia, yenye mshahara mwisho wa mwezi. (Kwa wapenzi wa kilimo: 2001 na 2002 ubingwa wa Kenya ulibebwa na Oserian, ekipi ya shamba la maua la Naivasha! Nayo leo haiko tena ligi kuu.)

Kenyatta alikufa Agosti 1978, Moi akaingia. Mwaka 1980 serikali ikataka mashirika ya makabila yavunjwe yote: GEMA ya Wakikuyu, Waembu na Wameru, Luo Union yenyewe, na mengine. Ekipi za mpira nazo zikaambiwa zitoe majina ya kabila. Abaluhya ikawa AFC Leopards. Luo Union ikawa Re-Union. Gor Mahia, yenye jina la mtu, ikaendelea kuitwa Gor Mahia.

Wale wanaosema jina likiondoka ekipi inakufa, waniambie kilichotokea kwa Leopards. Mwaka ule ule wa kubadilisha jina walibeba shampiona. 1981 tena, 1982 tena. Kombe la kanda walichukua 1982, 1983 na 1984. Amri moja, mwaka mmoja. Mmoja akanenepa, mwingine akakonda. Na hapa kwetu Kongo je? TP Englebert, yenye jina la tairi, ilishinda Afrika 1967 na 1968. Kwa jina la Mazembe imeshinda tena 2009, 2010 na 2015. Daring ya Kinshasa ikawa Imana, halafu Motema Pembe, na 1994 ikachukua Kombe la Washindi la Afrika.

Kilichoua Luo Union, nasema mimi, ni kwamba siku ile ilipoteza vitu viwili pamoja. Shirika mama lilivunjwa, yaani wale wenye michango, wenye ukumbi, wenye matawi, hawakuwa tena na mahali pa kukutania kama wenye ekipi. Waluhya nao walivunjiwa mashirika yao, lakini shabiki wa Abaluhya hakuwa na ekipi nyingine kubwa ya kwao pa kukimbilia. Alivaa jina jipya akaendelea. Shabiki wa Luo Union alikuwa na Gor pale pale, mlango wa jirani, na jina lake halijaguswa. Juu ya nini abaki Re-Union?

Kwa hiyo kwenye mashindano yetu, kabla ya kuomba ekipi ibadilishe jina, mimi ningeuliza kwanza: mipira inanunuliwa na nani? Kijana akivunjika mguu, nani anampeleka hospitali? Kama anayefanya hivyo ni mutualité, na tunaitaka mutualité itoke, basi kamati ya kartiye iwe tayari na pesa zake siku hiyo hiyo, si msimu ujao.

Re-Union ilicheza miaka kadhaa bila kubeba shampiona hata moja, ikashuka daraja, watu wakaacha kuizungumzia. Gor ilifika mpaka kuchukua Kombe la Washindi la Afrika 1987 mbele ya Espérance ya Tunis. Na kwenye orodha ya washindi wa kanda, mistari ya 1976 na 1977 bado inasomeka Luo Union. Hawakuigusa.