Tarehe ya Kukaza Kumbukumbu za Kompyuta, Meru na Embu

Mtu atakayetaka kuandika tarehe ya kompyuta za nyumbani katika nchi za Meru na Embu hana budi kuanza na maji kabla ya mitambo, kwa kuwa stima iliyoziwasha ilizalishwa papo hapo, katika mto Tana, kwenye nchi kavu ya Wambeere, ambako bwawa la Kindaruma lilikamilika mwaka 1968, likafuatwa na Kamburu, Gitaru na Masinga, na hatimaye Kiambere mwaka 1988. Na ajabu ni kwamba vijiji vingi vilivyopakana na mabwawa hayo vilikaa gizani miaka mingi ilhali Nairobi iking'ara kwa nguvu zake.

Mwaka uo huo wa Kindaruma, Robert Dennard wa kampuni ya IBM alipewa hataza ya chembe ya kumbukumbu yenye transista moja na kapasita moja, na kapasita hiyo, kwa sababu huvuja chaji daima, sharti ijazwe upya mara nyingi katika kila sekunde. Ndipo ilipozaliwa sanaa ninayoisimulia: mtengenezaji, kwa tahadhari, huweka muda wa kungoja ulio mrefu kuliko unaohitajiwa na kumbukumbu nyingi, ili hata iliyo dhaifu isimwaibishe, na mwenye kompyuta, akijaaliwa ujasiri, huupunguza, na huko ndiko kukaza.

Ukaidi huo ulipata sifa duniani mwaka 1998, ilipotoka prosesa ya Celeron 300A ya Intel, ambayo waliojua siri yake waliipandishia njia ya mawasiliano kutoka megahezi 66 hadi 100, prosesa ikaruka kutoka megahezi 300 hadi 450, na kumbukumbu, maadamu imefungamana na njia iyo hiyo, ikalazimika kuandamana nayo au kushindwa.

Lakini kompyuta zilizopanda hadi Meru na Embu katika miaka ya 2000 aghalabu zilikuwa mitumba ya maofisi ya ng'ambo, hizo ziitwazo ex-UK, na nyingi zilikuwa na baiosi, yaani programu ya kuwashia mashine, iliyobanwa na kampuni hata fundi asione pa kubadili namba za kungoja wala volti. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, tarehe ya sanaa hii huku milimani ni ya upatanishi kuliko ya mashindano. Fundi aliyeletewa mashine yenye kumbukumbu (RAM) haba, akachomoa kipande kimoja katika kompyuta iliyokufa na cha pili katika nyingine, alijikuta akikutanisha vipande vya kasi mbalimbali, na baiosi, ikisoma maelezo yaliyohifadhiwa ndani ya kila kimoja, ilivishusha vyote hadi mwendo wa kilicho kizito. Si ujuzi wa kudharauliwa, ingawa hakuna aliyeusifu.

Waliopata bodi ambazo baiosi yake haikubanwa walikuwa na hesabu ya ziada, nayo ni ya hewa. Chaji huvuja upesi zaidi joto likizidi. Basi mpangilio uliostahimili baridi ya usiku wa Timau waweza kuleta makosa adhuhuri ya Ishiara, ilhali mashine ni ile ile na namba ni zile zile. Wala kuthibitisha si kazi ya dakika, kwani programu ya Memtest86 huachwa ikiandika na kusoma kila chumba cha kumbukumbu usiku kucha, na stima ikipotea saa tisa, kazi huanza upya. Fauka ya hayo, mpangilio uliokazwa kupita kiasi huenda ukaizuia kompyuta kuwaka kabisa, mpaka ile betri ndogo ya bodi ibanduliwe ili baiosi isahau ilichoamriwa.

Mwaka 2007 Intel ilileta XMP, yaani mpangilio wa kasi ulioandikwa kiwandani ndani ya RAM yenyewe, na tangu hapo watengenezaji wakawauzia wateja ujasiri ambao zamani ulikuwa wa wateja wenyewe. Vyuo vikuu vilipopata hati zao, cha Meru kule Nchiru, jirani na makao ya wazee wa Njuri Ncheke, mwaka 2013, na cha Embu mwaka 2016, wanafunzi walikuja na kompyuta za mkononi, na katika nyingi za zile nyembamba za siku hizi kumbukumbu imetiwa lehemu kwenye bodi, haichomoki wala haiongezeki. Mteja akiomba ikazwe, fundi hufungua kifuniko, hutazama, hurudisha skurubu, kisha hutoza ada ya kupangusa vumbi.