Mwanga, Muda na Mawe ya Kivu

Barabara itokayo Goma, mji wa Kivu nchini Kongo, kwenda Sake hupita mtaa wa Ndosho. Kwa miaka mingi imepitisha koltani iliyoteremshwa kutoka milima ya Masisi, na imepitisha majeruhi wa vita vinavyopiganwa katika milima hiyohiyo. Koltani huendelea na safari yake. Majeruhi wengi huishia hospitali ya CBCA Ndosho, ambako wapasuaji wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu hufanya kazi pamoja na wenzao Wakongomani. Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma, vitanda havikutosha.

Wapasuaji hao wanajua jambo moja ambalo mtu wa kawaida halioni. Risasi ya kasi huumiza nyama iliyo mbali na njia yake. Nishati yake humwagwa mwilini kwa muda usiofika sehemu ya elfu ya sekunde, nyama husukumwa pembeni kwa ghafla, uwazi hufunguka kisha hujifunga, na nyama ya jirani inaweza kufa. Ndiyo maana hukata kwanza nyama iliyokufa, wakauacha mdomo wa kidonda wazi siku kadhaa, ndipo wakashona. Katika kujua madhara ya nishati, kiasi chake ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni muda. Juu ya kanuni hiyo umejengwa mmoja kati ya mikondo mikubwa ya sayansi ya zama zetu, yaani elimu ya mapigo mafupi ya leza. Historia yake inaihusu Kivu kuliko wakazi wake walivyowahi kuelezwa.

Mzizi wake ni hesabu za Albert Einstein za mwaka 1917: atomi yenye nishati ya ziada inaweza kuchochewa na mwanga itoe mwanga unaofanana na ule uliouchochea. Ilichukua zaidi ya miaka 40 wazo hilo kuwa chombo. Tarehe 16 Mei 1960, Theodore Maiman, akiwa katika maabara ya Hughes huko Malibu, California, aliimulika fimbo ya yakuti kwa taa yenye mweko mkali, na leza ya kwanza ikawaka. Haikuwaka mfululizo, ilipiga na kuzimika. Leza ilizaliwa ikiwa pigo.

Madaktari hawakungoja. Mwishoni mwa 1961, New York, daktari Charles Campbell aliitumia leza ya yakuti kuunguza uvimbe mdogo kwenye retina ya mgonjwa. Pigo la aina hiyo, la sehemu kama ya elfu ya sekunde, hufanya kazi kwa joto: tishu hupikwa, protini huganda. Mwaka 1962, McClung na Hellwarth waliizuia leza isitoe mwanga mpaka ijae nishati, kisha wakaifungulia mara moja. Pigo likashuka hadi kiwango cha nanosekunde, yaani sehemu za bilioni ya sekunde. Katikati ya miaka ya 1960 ikapatikana mbinu nyingine iliyofikia pikosekunde, ambayo ni nanosekunde iliyogawanywa mara elfu.

Hesabu ifuatayo inaonyesha uzito wa mabadiliko hayo. Chukua milijuli moja, nishati ndogo mno. Ikitolewa kwa sekunde nzima, ni sehemu ya elfu ya wati. Ikitolewa kwa nanosekunde 10, inakuwa wati 100,000. Ikitolewa kwa femtosekunde 100, yaani sehemu ya kumi ya pikosekunde, inafika wati bilioni 10. Katika muda huo mwanga wenyewe husafiri milimita 0.03 tu.

Mata iliyopigwa hivyo hubadili tabia. Pigo refu hulipa joto nafasi ya kusambaa, hivyo jirani ya shabaha huyeyuka au huungua. Pigo la femtosekunde huisha kabla atomi hazijasogea. Elektroni hupokea nishati kwanza, na kuikabidhi kwa atomi huchukua pikosekunde kadhaa. Atomi zinapoanza kuruka, mwanga umeshaondoka. Hata kitu kinachopitisha mwanga, kama konea ya jicho, hakisalimiki pale mwanga unapokusanywa kwenye nukta moja: elektroni hung'olewa, hutokea plazma, kisha kiputo kidogo kinachoipasua tishu. Hapa mpasuaji wa Ndosho atatambua uwazi ule wa risasi, safari hii ukiwa umepunguzwa na kutiishwa hadi ukawa tiba.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Danièle Aron-Rosa huko Paris na Franz Fankhauser huko Bern waliigeuza kanuni hiyo kuwa huduma. Aliyefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho anaweza kupata ukungu tena miezi au miaka baadaye, kwa sababu utando unaoishika lenzi bandia huacha kupitisha mwanga vizuri. Mapigo machache ya nanosekunde ya leza iitwayo YAG huutoboa kwa dakika chache, bila kisu. Mwaka 1983, Rox Anderson na John Parrish walieleza namna ya kuchagua urefu wa pigo ili joto libaki ndani ya shabaha, mshipa wa damu au chembe ya rangi, bila kuiunguza ngozi inayoizunguka.

Kisha ukaja mwaka 1985. Donna Strickland na Gérard Mourou, katika Chuo Kikuu cha Rochester, walilirefusha pigo, wakalikuza likiwa dhaifu, halafu wakalibana tena. Kwa njia hiyo vioo vya leza havikuvunjika, na mlango wa nguvu kubwa ukafunguka. Tuzo ya Nobel iliwafikia 2018. Mwana wa Afrika, Ahmed Zewail, aliyezaliwa Damanhur, Misri, alitumia mapigo ya femtosekunde kutazama molekuli zikivunja vifungo vyake, akapewa Nobel ya kemia 1999. Tuzo ya fizikia ya 2023 iliwaendea waliofikia atosekunde, muda mfupi kuliko femtosekunde, unaolingana na mwendo wa elektroni zenyewe.

Mwaka huohuo wa 1985 lilitokea jambo lisilosifiwa sana, ambalo ndilo lililofika Kivu. Alan Gray alionyesha kwamba leza inaweza kuchota vumbi la jiwe na kulipeleka moja kwa moja kwenye mashine inayopima atomi kwa uzito. Miaka kadhaa baada ya bei ya koltani kupanda vibaya mwaka 2000, na Umoja wa Mataifa kuanza kuchapisha taarifa za uporaji wa madini ya Kongo, taasisi ya jiolojia ya Ujerumani, BGR ya Hannover, iliichukua mbinu hiyo. Punje za koltani hung'arishwa, leza huchimba vishimo visivyoonekana kwa macho, na mashine husoma elementi zilizomo kwa kiasi kidogo pamoja na umri wa punje. Koltani ya ukanda wetu ina umri wa karibu miaka bilioni moja, tofauti na ya sehemu nyingine nyingi za dunia. Wataalamu hulinganisha sampuli na hazina ya kumbukumbu, kisha hujiuliza: je, mzigo huu unalingana na mgodi ulioandikwa kwenye karatasi zake?

Mbinu hiyo ina mpaka. Kivu na Rwanda ziko juu ya mwamba wa ukanda mmoja, hivyo umri peke yake hautoshi kutenga upande na upande. Inahitaji sampuli nyingi kutoka kila mgodi, na watu waaminifu wa kuzichukua. Hata hivyo, jiwe lina ushahidi ambao mfanyabiashara hawezi kuufuta kwa muhuri wa bandia.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Mawe yetu yamesomwa kwa leza ughaibuni, na majibu yakaandikwa ughaibuni. Vyuo vikuu vya Goma vinafundisha vijana wanaoijua milima hiyo kwa miguu. Wanastahili maabara na kumbukumbu hizo wazitumie wenyewe. Kwa upande wa tiba, tusidanganyike na mng'aro. Majaribio makubwa ya Ufaransa na Uingereza yaliyochapishwa 2020 yalionyesha kwamba leza ya femtosekunde katika upasuaji wa mtoto wa jicho haikuleta matokeo bora kuliko upasuaji wa kawaida, ilhali gharama ni kubwa. Mkono uliofunzwa vizuri bado unatosha kuutoa mtoto wa jicho. Pesa za leza ziende kwanza kwenye YAG ya nanosekunde na leza za kutibu retina za wenye kisukari, pamoja na fundi wa kuzitengeneza na umeme usiokatika. Vyombo hivyo vina zaidi ya miaka 40 ya kuaminika. Mkazi wa Ndosho ana haki navyo sawasawa na mkazi wa Paris, hasa anapoishi kando ya barabara iliyoitajirisha dunia kwa madini.