Njia ya Kabambare na Nyangwe, kwenda na kurudi



Juzi kwenye soko hapa Kasongo, mama mmoja aliyekimbia kutoka upande wa Kabambare aliniuliza: «Mwanangu wa redio, ile njia tuliyopita na watoto, ni sisi wa kwanza kuililia?» Nilimwahidi jibu. Ndilo hili.

Njia hiyo ni ya zamani kuliko barabara ya Wabelgiji. Misafara ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili ilitoka Ujiji, ikavuka Tanganyika, ikapita Kabambare na misitu yake, ikashuka hadi Nyangwe ukingoni mwa Lualaba. Walitafuta pembe na watumwa. Kiswahili tunachosema leo kilikuja kwa miguu hiyo, na mchele wetu pia.

Mmoja aliyeizunguka njia hiyo na kuandika kila siku ni David Livingstone, Mzungu aliyetafuta chanzo cha mto Nile. Alifika Kabambare mwezi wa tisa 1869. Yeye aliandika «Bambarre». Mwaka uliofuata vidonda vya miguu vilimlaza humo kwa miezi. Aliyekwisha kutembea siku nyingi kwenye matope ya msitu wetu anajua vidonda hivyo. Karatasi zilimwishia, akaandika juu ya gazeti la zamani, akipitisha maneno yake juu ya yale yaliyochapwa, kwa wino aliotengeneza mwenyewe. Wino ukafifia. Karibu miaka 140 baadaye watafiti waliupiga picha kwa mianga maalum ukasomeka tena, wakaona kwamba alichoandika palepale si sawa kabisa na kitabu kilichotoka mwaka 1874. Sisi waandishi wa habari tulikumbuke hilo.

Aliondoka Kabambare mwezi wa pili 1871, akafika Nyangwe mwisho wa mwezi wa tatu. Alitaka mtumbwi wa kuvuka Lualaba, akaukosa. Alikaa zaidi ya miezi mitatu, na kilichomfurahisha kilikuwa soko. Akina mama walikuja mamia kwa mamia na samaki, chumvi, kuku, vyungu, wengine kutoka ng'ambo kwa mitumbwi. Hata vijiji vilivyogombana viliheshimu soko.

Tarehe 15 mwezi wa saba 1871, siku ya joto, walikuwepo watu kama 1,500. Watu watatu wa mfanyabiashara Dugumbe waliingia na bunduki. Mmoja aligombania bei ya kuku. Mara risasi. Watu wakatupa vikapu na kukimbilia mitumbwi kama hamsini iliyobanana kwenye kijito; wengi walijitupa majini, wakaogelea kuelekea kisiwa kilichokuwa mbali mno, na vichwa vikawa vinazama kimoja kimoja. Waarabu wenyewe walihesabu waliokufa kati ya 330 na 400. Ng'ambo ya mto moshi wa vijiji ulipanda siku hiyo na siku iliyofuata.

Tarehe 20 Livingstone aligeuka kurudi Ujiji kwa njia ya Kabambare. Alipita vijiji vilivyochomwa. Tarehe 8 mwezi wa nane, msituni, njia ikiwa nyembamba na miti imefunga pande zote, wenyeji waliojificha walimrushia mikuki. Mmoja ulipita karibu na mgongo wake. Watu wawili wa msafara wake waliuawa. Walimdhania ni mmoja wa wafanyabiashara. Siwezi kuwalaumu: kwa mtu ambaye kijiji chake kimechomwa, kila anayetokea njiani na mzigo ni adui. Ndugu zetu waliofika kwenye vijiji vya watu usiku na kufungiwa mlango wanaelewa hayo, na aliyefunga mlango naye anaelewa.

Habari za Nyangwe zilipofika Uingereza zilichochea hasira, na mwaka 1873 sultani wa Zanzibar alilazimishwa kufunga soko la watumwa. Lakini huku kwetu Tippu Tip alikuja kuweka makao Kasongo baadaye, na vita vya Wabelgiji na Waarabu vilipita njia hiyohiyo: Nyangwe na Kasongo mwaka 1893, Kabambare mwanzoni mwa 1894. Hayo tutayasema siku nyingine.

Mama aliuliza pia kama watu walirudi sokoni. Ndiyo, mama. Tarehe 19, siku nne tu baada ya mauaji, walikuja kama 200. Mitumbwi ilikuwa saba badala ya hamsini. Mwanamke mmoja alikuwa na jeraha la risasi mkononi, amelifunga kwa majani. Wachache kutoka ng'ambo walileta chumvi, ili wanunue tena vikapu vyao wenyewe walivyovitupa siku ile.