Mstari wa Chokaa na Wenye Mchezo

Kabla ya mechi ya lakrosi, kazi ya uwanjani huanza na kamba. Watu wawili huivuta mpaka ikaze, wa tatu hufuata nyuma akimwaga chokaa au rangi nyeupe. Ili kona iwe pembe mraba, hupimwa mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili. Umbali kati ya alama hizo ukiwa mita 5, kona iko sawa. Leo uwanja wa wanaume una urefu wa yadi 110 na upana wa yadi 60 hivi, na kila goli limezungukwa na duara ambalo mshambuliaji hatakiwi kuingia. Ukiitazama mistari hiyo utadhani ilizaliwa pamoja na mchezo. Sivyo.

Lakrosi ni mali ya wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini, wakiwemo Wahaudenosaunee, ambao Wafaransa waliwaita Iroquois. Kwao ni mchezo wa Muumba, na huchezwa hata kwa kumwombea mgonjwa. Zamani goli liliweza kuwa mti au jiwe, na kutoka goli moja hadi jingine paliweza kufika maili nzima au zaidi. Mstari wa pembeni haukuwepo. Waingereza walilijua hilo kwa uchungu mwezi Juni 1763 katika ngome ya Michilimackinac. Waojibwe na Wasauk walicheza nje ya ngome huku askari wakitazama. Mpira uliporushwa kuelekea lango la ngome, wachezaji waliufuata mbio, na hakuna askari aliyeshtuka, kwa kuwa mchezo ule haukuwa na mpaka. Ngome ikatekwa.

Karne moja baadaye, daktari wa meno wa Montreal, William George Beers, aliuandikia mchezo kanuni. Alipunguza uwanja, akaweka wachezaji 12 kila upande na mpira wa raba. Sababu inaeleweka: mjini ardhi ina bei, na mtazamaji anataka kuuona mpira. Katika kitabu chake cha mwaka 1869 imo kanuni ya kuchora mstari futi 6 mbele ya goli. Humo humo imo kanuni nyingine: mwenyeji wa asili asiichezee klabu ya wazungu mpaka pawe na makubaliano ya mapema. Kwa hiyo mkono uliochora mstari kwenye nyasi ulichora pia mstari kati ya watu.

Mwaka 1876 Beers aliwapeleka Wamohawk wa Kahnawake Uingereza, wakacheza mbele ya Malkia Victoria. Miaka minne tu baadaye, chama cha lakrosi cha Kanada kiliwafungia wenyeji mashindano yake, kwa hoja kwamba wao ni wachezaji wa kulipwa. Wahenga husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja, mwenyeji akatolewa uwanjani.

Huenda mtu akasema kwamba bila mistari mchezo usingewezekana. Lakini wasichana wa shule ya St Leonards, Uskoti, walianza kuucheza mwaka 1890, na lakrosi ya wanawake iliendelea bila mipaka ya pembeni iliyopimwa hadi miaka ya 2000. Mistari ilichaguliwa na watu. Haikuwa lazima.

Wahaudenosaunee waliunda timu yao ya taifa mwaka 1983. Mwaka 2010 walikosa mashindano ya dunia mjini Manchester kwa sababu Uingereza ilikataa pasipoti zao. Miaka minne baadaye, mjini Denver, walitwaa nafasi ya tatu, na nchi yangu Uganda ikawa ya kwanza kutoka Afrika kushiriki. Nilijivunia, kisha nikatafakari. Mipaka yetu ilichorwa na wageni, lakini inatambuliwa. Wenye mchezo hawana mipaka inayotambuliwa, na hilo ndilo linalowakwamisha kuelekea Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028, kwa kuwa Olimpiki hupokea kamati za nchi zinazotambuliwa.

Chokaa ya uwanjani huoshwa na mvua moja. Kanuni iliyoandikwa kitabuni haifutiki hivyo. Waliopewa kalamu leo ndio wanaopaswa kuifuta, na waanze kwa kuwaita waliouanzisha mchezo.