Alama za Bishop na mimba iliyopitiliza

Mwaka 1964 daktari Edward Bishop wa Philadelphia, Marekani, alichapisha jedwali ambalo wakunga wanalitumia hadi leo kabla ya kumwanzishia uchungu mama aliyepitiliza tarehe. Vidole viwili vya mpimaji hutafuta mambo matano: mlango wa kizazi umefunguka sentimita ngapi, umefupika kiasi gani, ni mgumu kama ncha ya pua au umelainika, umeelekea nyuma au mbele, na kichwa cha mtoto kimeshuka hadi wapi. Alama zote ni 13. Kwa Bishop, aliyefikisha 9 angeanzishiwa uchungu bila wasiwasi. Linalosahaulika mara nyingi ni kwamba aliwalenga wanawake waliokwisha kuzaa, wenye mimba zisizo na tatizo, na alitaka kujua lini wako tayari. Mwenye mimba ya kwanza, wiki ya 42, mlango ukiwa bado umefunga, hakuwamo. Tukiichukua alama yake ya 3 kuwa hukumu kwamba dawa itashindwa, tunalidai jedwali jibu la swali ambalo halikuulizwa.

Tena hukumu hiyo ilitegemea dawa za wakati ule. Oksitosini, ambayo Vincent du Vigneaud aliiunda maabarani mwaka 1953, hukaza misuli ya kizazi lakini haisaidii sana mlango uliofunga. Mwaka 1968 Sultan Karim na wenzake walitangaza kutoka Kampala kwamba wameanzisha uchungu kwa prostaglandini, na wanafunzi wetu wa ukunga wanastahili kulijua hilo. Dawa za jamii hiyo, pamoja na misoprostoli iliyofuata, hulainisha mlango wenyewe. Tangu hapo alama ndogo imekuwa ikimwambia mkunga aanzie wapi: alainishe kwanza.

Wapo wanaosema kipimo cha picha, kinachosoma urefu wa mlango kwa milimita, kimelifanya jedwali lipitwe na wakati. Tafiti hazijakipa ushindi huo. Nacho hutabiri kwa kiasi tu. Sababu mojawapo ni kwamba kushindwa kwenyewe hutegemea subira: anayekata tamaa baada ya saa 12 atampeleka kwenye upasuaji mama ambaye angejifungua saa ya 20. Wengine huona mlango mgumu ni sababu ya kungoja. Lakini utafiti mkubwa wa Kanada, uliochapishwa mwaka 1992 na kuhusisha wanawake zaidi ya 3,400 waliopitiliza, ulikuta upasuaji ukiwa pungufu kidogo kwa walioanzishiwa uchungu kuliko kwa waliongojewa.