Nyundo iliyotengenezwa kwa ajili ya ndege

Juni 2003, vikosi vya Umoja wa Ulaya vilipotumwa Bunia, katika eneo la Ituri mashariki mwa Kongo, kuwakinga raia, makamanda walikuta shida nyingine mbali na wanamgambo: uwanja wa ndege wa Murongo. Ndege kubwa za mizigo hazikuweza kutua pale. Zilishusha shehena Entebbe, Uganda, kisha ndege za kijeshi za C-130 na C-160 zikawa zinakwenda na kurudi juu ya Ziwa Albert, huku wahandisi wa jeshi la Ufaransa wakiikarabati njia ya kurukia. Operesheni hiyo, Artemis, ilimalizika tarehe 1 Septemba mwaka huohuo.

Gurudumu lenye uzito gani lipite juu ya tabaka la aina gani bila kulibonyeza? Swali hilo lilikuwa la zamani, na kipimo kinachotumika hadi leo katika maabara nyingi za barabara Afrika kilikuzwa kwa sababu yake, tena na wanajeshi waliokuwa wakiwaza viwanja vya ndege.

Mwishoni mwa miaka ya 1930, Bruce Marshall, mhandisi wa idara ya barabara ya jimbo la Mississippi, Marekani, alibuni njia rahisi ya kupima mchanganyiko wa lami na kokoto. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, jeshi la wahandisi la Marekani lilihitaji kifaa kinachobebeka, maana ndege za kivita zilikuwa zikizidi kuwa nzito. Kuanzia 1943, kituo chake cha utafiti cha Vicksburg kiliichukua njia ya Marshall na kuiboresha. Walijenga vipande vya majaribio, wakapitisha juu yake magurudumu ya mizigo mbalimbali, kisha wakarudi maabara kutafuta idadi ya mapigo ya nyundo ambayo ingeushindilia mchanganyiko sawasawa na magurudumu yale.

Kazi yenyewe haina mbwembwe. Lami na kokoto hupashwa moto, hukorogwa, humiminwa kwenye chombo cha duara chenye kipenyo cha milimita 101.6. Nyundo ya kilo 4.5 huangushwa kutoka kimo cha sentimita 46 hivi, mara 50 au 75 kila upande, kadiri ya uzito wa magari yanayotarajiwa. Sampuli iliyopoa hutolewa ikiwa kipande kizito cheusi chenye unene wa milimita 63.5, hupimwa uzito hewani na majini ili kujua nafasi za hewa zilizobaki ndani, kisha hulowekwa kwenye maji ya nyuzi 60 kwa nusu saa au zaidi kidogo. Halafu hubanwa ubavuni na mashine inayosonga kwa milimita 50.8 kwa dakika. Fundi husoma mambo mawili: nguvu iliyoishinda sampuli, na ilibonyea kiasi gani ilipofika hapo. Kwa barabara ya magari mazito, mwongozo wa Marekani hutaka nguvu isiyopungua kilonyutoni 8 na kubonyea kwa milimita 2 hadi 3.5. Ikibonyea kidogo mno, lami ni ngumu na itapasuka. Ikibonyea sana, italainika juani.

Ituri yenyewe ilikulia kwenye udongo. Enzi za Wabelgiji, migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto ilihitaji barabara za kufika Ziwa Albert, na zilikuwa za udongo mwekundu, zikitunzwa kwa jembe na beleshi. Hata sasa kamati za vijijini bado zinafukia mashimo na kuzibua mifereji kwa mikono kwenye barabara nyingi za Kongo. Barabara ya namna hiyo ina kipimo chake, nacho kilianzia California kwa O. J. Porter mwishoni mwa miaka ya 1920: udongo hushindiliwa, hulowekwa siku nne, kisha chuma cha kipenyo cha sentimita 5 hivi husukumwa ndani yake polepole. Ukinzani wake hulinganishwa na ule wa kokoto iliyovunjwa.

Tofauti ya vipimo hivi viwili, kile cha lami na kile cha udongo, huonekana barabarani kwa macho. Ukikuta bonde pana chini ya njia ya magurudumu, bila kingo zilizoinuka, mara nyingi ni udongo wa chini ulioshindwa. Ukikuta mfereji mwembamba wenye matuta pembeni, lami yenyewe imesukumwa kando kama uji mzito. Kuweka tabaka jipya juu ya mfereji wa namna ya pili bila kuiondoa lami mbovu ni kutupa fedha.

Mfereji huo wa pili ndio uliofichua upungufu wa nyundo ya Marshall, na sehemu ya ushahidi ilitoka huku kwetu. Watafiti wa maabara ya barabara ya Uingereza, wakifanya kazi na wenzao wa Kenya, walichunguza miinuko ambako malori hupanda kwa mwendo wa kinyonga. Hapo uzito hukaa juu ya lami kwa muda mrefu na jua limeshailainisha. Mchanganyiko uliofaulu maabara kwa mapigo 75 uliendelea kushindiliwa na malori. Nafasi za hewa ziliposhuka chini ya asilimia 3, ulianza kutiririka. Mwongozo wao wa 2002 kwa nchi za joto ulipendekeza sampuli za sehemu hizo zishindiliwe hadi zigome kushuka zaidi, na hata hapo zibaki na asilimia 3 ya hewa.

Wafaransa, ambao vitabu vyao vya kiufundi vimesomwa sana Kongo, walikwenda kwa njia nyingine: gurudumu la mpira hupita huku na huko juu ya bamba la lami kwenye nyuzi 60, hadi mizunguko 30,000, kisha kina cha mfereji hupimwa. Mimi naona hiki ni kipimo cha haki zaidi kwa barabara zetu, ila mashine yake ni ghali, na nyundo ya Marshall inaingia kwenye chumba chochote chenye umeme.

Lakini hakuna maabara inayopima uzito utakaopakiwa baadaye. Jaribio kubwa la Illinois la 1958 hadi 1960, ambako wanajeshi waliendesha malori usiku na mchana kwenye barabara za majaribio, lilionyesha kuwa ukiongeza mzigo wa ekseli mara mbili, uharibifu huongezeka takriban mara 16. Mzigo wa Bunia hutoka Mombasa, hupita Kampala, huingilia mpaka wa Mahagi. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo ilijiunga nayo 2022, ina sheria ya mwaka 2013 inayoweka kikomo cha tani 56 kwa lori lenye ekseli saba na tani 10 kwa ekseli moja ya magurudumu manne. Mhandisi anayechora tabaka la lami kwa miinuko kati ya Mahagi na Bunia huanza na takwimu hizo. Mizani isiposimamiwa, itambidi ahesabu ekseli za malori yanayopita kweli, na aishindilie sampuli yake hadi igome.